Alichosema Zubeiri

Rahimu aliachiwa siku ya Ijumaa. Alifika Ngamiani, mjini Tanga, wakati watu wanatoka msikitini, kwa hiyo mtaa mzima ulimwona akitembea katikati ya barabara, amekonda, ndevu zimemjaa, ndala zake kazishika mkononi kwa sababu moja ilikuwa imekatika ukanda. Wanaume walimpa mkono mmoja baada ya mwingine. Walimwambia pole, na alhamdulillahi, na Mungu ni mkubwa. Hakuna aliyemuuliza ametokaje.

Kutoulizwa huko ndiko kulikomtia wasiwasi mkewe, Mwamvua, aliyekuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha jikoni mkononi. Kila mtu alijua Rahimu alikamatwa na nini. Ulikuwa mwaka 1983, mwaka wa msako, polisi na mgambo wakipita nyumba kwa nyumba kutafuta bidhaa zilizofichwa. Kwa Rahimu, fundi baiskeli, walitoa matairi mapya chini ya kitanda cha mama yake, matairi ya magendo yaliyovushwa mpaka wa Kenya karibu na Horohoro kwa njia za porini. Waliyabwaga barazani, yamefungwa kwa kamba ya mkonge, ili kila mpita njia ayaone. Mtu aliyekutwa na vitu kama hivyo mwaka ule hakuwa akirudi nyumbani kwa miguu yake mchana kweupe.

Mama yake, Bi Saleha, hakuyafikiria hayo. Alilia, akamshika mwanawe mashavu, akaamuru achinjwe jogoo wa pekee aliyebaki uani. Walikula pamoja na watoto, ugali wa unga wa njano na mchuzi wa jogoo, na Bi Saleha akasema kwa kila tonge kwamba dua ya mama haianguki chini. Rahimu alikula kidogo. Mwamvua alipomuuliza kesi imekwishaje, alijibu kwamba wameona haina nguvu.

"Na matairi?"

"Yamebaki huko."

Mwamvua akachukua kopo la maji. Alikuwa amemtaka mumewe arudi kwa namna yoyote, na sasa amerudi. Akammwagia maji ya kunawa, akajiambia kwamba maswali mengi ni kukosa shukrani.

*

Jumapili alasiri alikuja Sajini Maulid, akiikokota baiskeli yake. Alisema mnyororo unatoka. Aliketi barazani kama jamaa, akavua kofia, akamwita Bi Saleha mama, akamwuliza Mwamvua kama kuna kahawa. Rahimu alikaza mnyororo ambao haukuwa na tatizo. Mwamvua alipokuwa ndani akipuliza makaa alimsikia sajini akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayekumbusha siku ya harusi, "Jumanne saa tatu, usichelewe. Na usiongeze. Sema yaleyale."

Alipoondoka, Mwamvua alimfuata mumewe chumbani, akafunga mlango. Alimwuliza anakwenda kusema nini, na wapi. Rahimu alikaa kitandani, akakuna kucha zake zenye grisi, na mwishowe akamweleza.

Huko mahabusu alilazwa kona moja na Zubeiri, mtunza stoo wa duka la ushirika, mtu wa Pemba aliyeoa na kuhamia Tanga zamani. Majora ya khanga yalikuwa yametoweka stoo. Zubeiri alikuwa na ufunguo. Katibu wa ushirika naye alikuwa na ufunguo, lakini katibu alikuwa na watu. Sajini akamtoa Rahimu nje, akampa sigara, akamwuliza Zubeiri amemwambia nini. Rahimu akasema hakumwambia kitu. Sajini akasema hilo haliwezekani, watu hawalali pamoja siku zote hizo wasiambiane neno, basi arudi ndani akafikiri. Akamtoa tena. Safari ile sajini ndiye aliyezungumza zaidi. Alisema huenda Zubeiri alimwambia kwamba aliyatoa majora kwa mkokoteni alfajiri, akampa mtu wa kuyavusha mpaka. Alisema pia kwamba faili la matairi linaweza kukaa tu kabatini.

"Mimi sikutunga," alisema Rahimu. "Yeye alisema, mimi nikaitikia."

"Na Zubeiri alikwambia hivyo?"

Rahimu akarudi kwenye kucha zake. Alisema Zubeiri ataachiwa tu, hawana ushahidi.

"Ushahidi si ndiyo wewe?" alisema Mwamvua.

Rahimu alikuwa bado na harufu ya mahabusu mwilini, hata baada ya kuoga. Mwamvua aliisikia, akamwonea huruma, na huruma hiyo ikamfunga mdomo. Jumanne asubuhi alimpigia pasi shati la kwenda mahakamani.

*

Mahakama ya mwanzo ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha ya waya. Hakimu alikuwa kijana wa bara, mpole, mwenye haraka. Pembeni yake walikaa wazee wawili wa baraza. Mmoja alikuwa mzee aliyestaafu reli, na mwingine mwanamke, Bi Yudith, Mbondei wa Muheza, aliyewahi kuwa mkunga wa serikali na kuzalisha nusu ya vijana wa mjini.

Rahimu aliapishwa kwa Msahafu. Akasema yaleyale, na hakuongeza. Alipomaliza, hakimu akamwambia Zubeiri amwulize shahidi maswali kama anayo. Mahakama zile mawakili hawaingii. Zubeiri alisimama, suruali kaishikilia kwa mkono kwa kuwa mkanda walikuwa wamemnyang'anya. Alimgeukia Rahimu.

"Rahimu, n'mekukosa nini mie?"

Hakimu alimwambia hilo si swali la ushahidi, aulize jingine. Zubeiri akasema jingine hana, akakaa.

Hapo Bi Yudith akaomba kuuliza. "Ndugu shahidi, wewe uliingia mahabusu kwa kosa lako. Kesi yako imeishia wapi?"

Kabla ya kujibu, Rahimu alimtazama Sajini Maulid aliyekuwa kwenye benchi karibu na mlango. Bi Yudith aliliona hilo. Rahimu akasema hajui, aliambiwa tu aende nyumbani. Hakimu akaandika, akaahirisha shauri hadi wiki ya pili yake, ili Zubeiri alete utetezi na mashahidi wake kama wapo.

*

Mwamvua alijitayarisha kutukanwa. Alidhani wanawake watamtemea mate, na kwa kweli angeona afadhali. Kilichompata ni kingine. Alipokwenda kupanga foleni ya sabuni, mstari ulikuwa umefika barabara ya pili, watu wamekaa juu ya mawe na vikapu tangu asubuhi. Mwanamke aliyekuwa mbele yake aligeuka, akamwona, akasogea. "Pita, mama." Wa mbele yake naye akasogea. Maneno yalikwenda mbele kwa kunong'ona, na njia ikafunguka hadi dirishani. Mwamvua alisema hapana, atasubiri zamu yake, lakini hakukuwa tena na zamu ya kusubiri. Kila alipojaribu kusimama nyuma ya mtu, mtu huyo alimpisha. Alinunua sabuni yake ya mche macho yakiwa chini, akaondoka, na nyuma yake akasikia foleni ikianza kupumua.

Yalikuwa hivyo kila mahali. Mwaka ule hakukuwa na nyumba isiyo na kitu chini ya kitanda, kilo mbili za sukari au dumu la mafuta ya taa, na mtu anayeweza kusema mahakamani alichoambiwa gizani alikuwa mtu wa kuogopwa. Alipoingia msibani mazungumzo yalikatika, kisha yakaanza tena juu ya mvua. Muuza nyama alimkatia steki bila kuombwa. Jirani wa upande wa pili, mwanamke waliyeazimana chumvi tangu ujana, alikuja na sukari kwenye khanga, akampa Bi Saleha, akasema ni zawadi ya kurudi kwa Rahimu. Akiwa mlangoni aliongeza, akicheka kwa woga, kwamba hana nyingine, hiyo ndiyo yote iliyokuwako ndani.

Bi Saleha aliitia sukari kwenye kopo. "Watu wanatuheshimu," alimwambia mkaza mwanawe.

"Wanatuogopa, mama."

"Kuna tofauti gani kwa mtu mwenye njaa?"

Rahimu mwenyewe alikaa barazani na pampu yake na spana zake, na baiskeli hazikuja. Wachache walioleta hawakukaa kupiga soga kama zamani. Walisimama, wakalipa zaidi ya alichosema, wakaenda. Mzee mmoja muuza kahawa aliyekuwa akipumzika pale kila adhuhuri alianza kupita upande mwingine wa barabara. Rahimu alilalamika kwamba watu wana wivu. Baadaye hakulalamika tena. Akawa anageuza kiti, anatengeneza akiwa ameipa barabara mgongo.

*

Siku chache kabla ya shauri alikuja Shadya, mke wa Zubeiri. Ilikuwa baada ya adhuhuri, na alikuwa na mtu wa mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na cherehani ya miguu, imefunikwa shuka safi. Mwamvua alipotoka, Shadya alimwamkia yeye kwanza, ingawa umri wao ulikuwa mmoja na ni yeye aliyekuja mgeni, na alimwamkia kama mtu anayemwamkia mke wa mkuu.

"Mie sikuja kugomba, dada," alisema. "N'nayo hii charahani tu. Babangu alin'nunulia n'lipoolewa. Mume wako akiwa tayari kusema kasahau, basi aichukue. Kusahau si dhambi, kila mtu husahau."

Rahimu alikuwa pale pale barazani, tairi la mtu mapajani. Hakuinua kichwa. Mtu wa mkokoteni alisimama kando, akitazama miguu yake, naye akisikia kila neno. Bi Saleha alijitokeza mlangoni, na macho yake yakaenda kwenye shuka, na kwenye umbo lililokuwa chini ya shuka. Mwamvua aliyaona macho hayo. Kama Shadya angemvua nguo mbele ya mtaa asingeona haya kama alivyoona wakati ule.

"Rudi nayo nyumbani," alimwambia. "Hatuchukui kitu."

Shadya akaelewa vingine. Alidhani ni kidogo. Akasema kwa haraka kwamba ana kitanda pia, cha Kihindi, na kwamba anaweza kuuliza kwao Pemba. Mwamvua alishuka barazani, akamshika mkono. Alimsindikiza mpaka kona, mkokoteni ukilia nyuma yao. Shadya alilia bila sauti. Mwamvua alirudi peke yake.

Kana kwamba hayo hayakutosha, jioni ile Sajini Maulid akapita. Safari hii hakusema mnyororo unatoka. Alisema kuna kijana wa Tongoni amekamatwa kwa kuvusha mafuta kwa ngalawa, mkaidi, hasemi. Alifikiri Rahimu anaweza kulala huko siku mbili tatu, kama mtu aliyekamatwa, kisha atoke. Rahimu alisema atafikiri. Sajini alicheka, akamgonga begani, akamwambia mbona mara ya kwanza hakufikiri sana.

Mwamvua alikuwa amesimama na kikombe. Alimtazama mumewe akingoja aseme hapana. Rahimu alitazama kikombe.

*

Kesho yake Mwamvua alikwenda Chumbageni kwa Bi Yudith. Alimkuta uani akichambua mchicha. Akapiga shikamoo, akakaribishwa kigoda, akaanza kusema kwamba yeye ni mke wa yule shahidi. Bi Yudith aliinua mkono.

"Usiniambie hapa, mwanangu. Ukiniambia hapa, keshokutwa nitahukumu kwa maneno ya uani. Hicho ndicho tunachokikataa kule."

"Nitayasema wapi basi, mama? Mimi si polisi wala si mshitakiwa."

"Mshitakiwa ana haki ya kuita mashahidi. Mkewe anajua pa kumpata. Akikuita, utakuja, utaapa, utasikilizwa mbele ya mumeo na mbele ya kila mtu." Alirudi kwenye mchicha wake, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba hakuna atakayemlazimisha, na asije akamlaumu mtu.

Mwamvua alipita kwa Shadya akitoka huko. Kisha akarudi nyumbani, akamwambia Rahimu wazi, mbele ya mama yake, alichokusudia. Rahimu alimwuliza kama anajua watamrudisha ndani. Alijua. Alimwuliza watoto watakula nini. Mwamvua alisema hajui, lakini steki ya muuza nyama haitamshuka kooni tena.

Bi Saleha alisimama akashika ukuta. "Utamfunga mwanangu kwa mkono wako? Mkono uliomvalisha shati?"

"Lile shati nililipiga pasi mimi," alisema Mwamvua. "Ndiyo maana."

Hakulala na mumewe usiku ule, wala hawakugombana. Waligeuziana migongo wakiwa macho.

*

Siku ya shauri chumba kilijaa. Zubeiri alipoulizwa kama ana mashahidi, alisema anaye mmoja, akamtaja Mwamvua. Watu waligeuza vichwa. Hakimu alimweleza Mwamvua kwamba hawezi kushurutishwa kutoa siri za ndoa yake. Mwamvua alisema ameelewa, akaapa.

Alisema maneno machache. Mumewe alimwambia kwa kinywa chake kwamba habari ya khanga aliisema sajini, yeye akaitikia tu. Maneno alipewa, na alipoyakubali aliachiwa. Sajini Maulid alisimama kwenye benchi akasema mwanamke huyu anajulikana kwa ugomvi. Hakimu akamwambia akae, zamu yake haijafika. Kisha akamwita Rahimu tena.

Rahimu hakuwa amekuja kwa ajili ya kutoa ushahidi. Alimfuata mkewe njiani, hatua chache nyuma, akitaka kumzuia, na kila mahali palikuwa na watu. Sasa alisimama pale, uso ukimvuja jasho. Akaanza kusema kwamba mkewe ana hasira, kwamba alisikia yeye anataka kuoa mke wa pili. Alisema hivyo bila kumtazama Mwamvua. Mtu mmoja nyuma aliguna. Mwamvua aliinamisha kichwa akajifunika uso na mtandio, na wengi walidhani analia, lakini alikuwa amefunga macho tu.

Bi Yudith alimsubiri amalize.

"Haya ya wake tuyaache. Wewe ulisema Zubeiri alikueleza. Mimi sitaki habari yenyewe, hiyo tumeiandika. Nataka maneno yake. Zubeiri ni Mpemba, ana namna yake ya kusema. Alisemaje? Tusemee kama alivyosema yeye."

Rahimu alifungua mdomo. Ya mkokoteni na ya alfajiri yalimjia, lakini yalimjia kwa sauti ya Sajini Maulid. Alitafuta sauti ya Zubeiri. Akaitafuta kweli, kwa kuwa alitaka kutoka pale. Aliyoyapata ni mwanga wa dirisha la juu na sahani ya bati, na Zubeiri akigawa wali aliotumiwa na mkewe, akichora mstari katikati kwa kidole, kwa kuwa kwao Rahimu hapakuwa na cha ziada cha kumletea.

"Aliniambia, haya bwana, karibu tule," alisema Rahimu.

"Na jingine?"

"Hakuniambia jingine. Kila siku aliniambia hilo." Akamgeukia hakimu. "Nimekula chakula chake, mheshimiwa. Nimekula mpaka siku niliyotoka."

Zubeiri alikuwa ametazama dirisha. Hakimu aliacha kuandika, akamwuliza Rahimu kama anajua anachokiri, naye akasema anajua.

Hakimu aliwauliza wazee wa baraza maoni yao. Mzee wa reli akasema hajaona ushahidi wa kumfunga mtu. Bi Yudith akasema mtu aliyefungiwa chumbani, akifunguliwa mlango mmoja, atasema lolote lililo upande wa mlango ule, na kosa lao ni kutomwuliza mapema nani ameushika mlango. Zubeiri aliachiwa mchana ule. Rahimu alishikwa pale pale, akiwa bado na shati lililopigwa pasi.

*

Alifungwa kwa matairi, na akaongezewa kwa kiapo cha uongo. Sajini Maulid alihamishwa wilaya nyingine, wengine wakasema kwa kupandishwa cheo. Yule kijana wa Tongoni hakupandikiziwa shahidi mahabusu, na kesi yake ikafa. Katika mahakama ile, shahidi aliyetoka mahabusu alianza kuulizwa kwanza ameahidiwa nini, na haikuwa lazima tena aulize Bi Yudith, maana hakimu aliuliza mwenyewe.

Mwamvua alikaanga mihogo na kuiuza mbele ya nyumba. Bi Saleha hakumsemesha kwa miezi mingi. Alikula alichopika Mwamvua, akaosha sahani yake mwenyewe, akairudisha mahali pake. Siku moja tu, wakati wanapeta mchele, alisema bila kuulizwa kwamba siku ile ya cherehani aliitaka. Aliitaka kwa moyo wote. Mwamvua alisema alijua. Hawakulizungumza tena, ila tangu siku hiyo bibi alianza kumenya mihogo pamoja naye.

Zubeiri hakurudishwa kazini. Ushirika ulisema nafasi imekwisha jazwa. Watu waliomjua walimpa pole, na wasiomjua walisema ng'ombe haponyoki zizini bila kamba kukatwa, lazima kuna mkono uliomtoa. Alianza kukaa nyumbani, akimkatia Shadya vitambaa vya kushona.

Rahimu alitoka wakati maduka yameanza kujaa tena, serikali imelegeza, vitu vilivyowafunga watu vikining'inia vibarazani kwa bei ya juu. Hazikupita siku nyingi. Alimwambia Mwamvua kwamba anataka kwenda kwa Zubeiri na hawezi kwenda peke yake. Wakatia mchele mzuri kwenye kikapu, wakaenda baada ya alasiri.

Shadya alifungua mlango. Aliwatazama wote wawili, akamwamkia Mwamvua kwa jina. Rahimu akauliza kama mwenyewe yupo.

"Yupo. Anawasikia."

Ndani kulikuwa na sauti ya mkasi kwenye kitambaa, nayo ikanyamaza. Rahimu alisema, akielekea kwenye pazia, kwamba amekuja kuomba radhi. Alisema hakudanganywa wala hakupigwa. Alisema alitaka kutoka, basi. Alikuwa amejiandalia maneno mengi gerezani, na hayo ndiyo yaliyobaki.

Pazia halikusogea. Zubeiri alisema kutoka ndani, "N'mesikia."

Walingoja. Mkasi ulianza tena kukata, polepole.

Shadya aliinama, akakiinua kikapu kilichokuwa kizingitini, akamrudishia Mwamvua kwa mikono miwili, kwa adabu. "Mje siku nyengine," alisema. "Ila msije na kitu."

Walirudi kwa barabara ileile, mabaraza yamejaa watu wa jioni, kila mmoja akijua wametoka wapi na akiona kikapu kinarudi kimejaa. Rahimu alikichukua kutoka kwa mkewe, akakibeba mwenyewe. Karibu na nyumbani yule mzee wa kahawa alikuwa ameketi na birika lake. Aliwaitikia salamu, akatazama kikapu, akauliza kama waliwakuta wenyewe.

"Tumewakuta," alisema Rahimu. "Amesikia."